Sufu

Ujumbe uliingia Jumatatu, niko dukani kwa Massawe
nimeshika nusu kilo ya sukari na chenji ya mia mbili:
Umechaguliwa vyuo viwili. Thibitisha kimoja.
Namba ya siri hii hapa. Mwisho Ijumaa, saa sita usiku.

Ijumaa ikafika.
Saa nne na nusu, Tabata Kisukuru haina upepo,
feni inazungusha joto lile lile
kama mlevi na kisa chake kimoja.

Chuo kimoja kiko hapa hapa Dar. Ningelala kwetu,
ningekula kwetu, ningepanda mabasi mawili kwenda
na matatu kurudi, maana jioni mji huu hauna huruma.
Wamenipa takwimu, niliyoiandika ili kujaza mstari.
Kingine kiko Mbeya, kilomita mia nane na ushei.
Wamenipa maabara, niliyoiandika ya kwanza,
kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta inasikia kelele.

Shangazi Pulkeria kapiga simu toka Mbinga:
"Binti akienda mbali hurudi na mtoto ama na kiburi.
Mimi nilirudi na vyote, na sijutii hata kimoja."
Sijui alikuwa ananizuia au ananisukuma.
Deo, mdogo wangu, kashahamishia mto wake kitandani kwangu.
Baba wa ubatizo kauliza, mkopo ukichelewa huko
utamlilia nani?
Swali zuri. Ndiyo maana nalichukia.

Mama hajasema kitu.
Jumatano aliniita kwenye cherehani, akanipima mkono,
begani hadi kifundoni, akaandika 57
pembeni ya kalenda ya parokia,
akarudia sare za watoto wa watu.

Niseme ukweli, maana karatasi haina umbea:
siogopi baridi. Siogopi maharage mwezi mzima.
Naogopa bomba.
Kwetu maji hayana ratiba. Huja usiku yakijisikia,
bomba la uani likohoe mara mbili, kisha lipige mluzi.
Nyumba nzima fofofo. Mimi husikia.
Tangu darasa la tano mimi ndiye sikio la nyumba hii:
naamka, napanga ndoo, naziba ufa wa pipa kwa kitambaa,
hadi kukicha nina vidole vya bibi kizee.
Nikienda, nani atasikia?
Deo hata kengele ya shule husimuliwa.

Saa tano na robo nilisinzia, simu kifuani.
Nilipozinduka mluzi ulikuwa katikati,
na uani pipa lilishafika nusu.
Mama kakalia ndoo iliyopinduliwa, kanga kiunoni,
nyayo majini, anapiga mswaki.

"Umeamka saa ngapi?"
"Huwa naamka kila mara. Nikikusikia umetoka, nalala tena."
Akatema povu.
"Ulidhani kabla hujazaliwa tulikunywa nini?"

Nilicheka. Halafu nikaona haya, halafu kitu kingine
ambacho bado sijakipatia jina:
miaka minane nimebeba beseni
bila kutazama mkono wa upande wa pili.

Hakuniambia nenda. Hakuniambia baki.
Alisema ndoo ya njano inavuja, nisiijaze.

Saa sita kasoro dakika saba niliandika ile namba,
vidole vimelowa, kioo cha simu hakinitambui,
kinaruka tarakimu. Nikafuta.
Nikajikausha mikono kwa pindo la kanga yake,
nikaandika upya.
Duara la mtandao likazunguka. Likazunguka.

Mama, bila kugeuka, akauliza
kama mikono akiirefusha kidogo nitachukia.
Kitambaa ni sufu, alisema,
na sufu ikifuliwa hurudi.